Nyuso Tukufu za Mückenroda

Jumapili ile Leberecht Zunkel aliingia kanisani kwa sababu moja tu ya kiroho: nje mvua ilikuwa inanyesha. Akachagua benchi la nyuma, kwenye kivuli cha nguzo, akavua kofia na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka kulala. Na angelala mpaka baraka za mwisho, kama si mfuko wa sadaka.

Mfuko wa sadaka wa Mückenroda ulikuwa wa mahameli nyeusi, umefungwa kwenye ncha ya mti mrefu, na chini yake ulining'inia kikengele cha kuwaamsha watu wa aina ya Zunkel. Aliyeushika alikuwa Mama Dorothea Rebhuhn, mjane mtunza kanisa, mfupi, mwenye mikono ya kufulia mazulia na macho yasiyopitwa na kitu. Kikengele kikalia puani pa Zunkel. Akatumbukiza kifungo cha suruali, akakisikia kikitua juu ya kitu kizito. Kwacha!

Haukuwa mlio wa fedha. Ulikuwa mlio wa shaba, lakini shaba nyingi, tena nyingi kuliko inavyotarajiwa katika mji ambao watu wake hula soseji kwa kuinusa kwanza ili idumu. Usingizi ukamruka mzimamzima.

Ibada ilipokwisha akabaki nyuma, akijifanya anasoma majina ya marehemu ukutani. Mama Rebhuhn alikuwa anamwaga sadaka kwenye sanduku la mwaloni refu kama hori la ng'ombe.

"Habari za ibada, mama."

"Nzuri. Kwani hukuisikia? Ulikoroma mpaka mpiga kinanda akatafuta ufunguo wa sauti yako."

"Nilikuwa natafakari. Ila nyie mna kanisa tajiri!"

"Tajiri?" Mama Rebhuhn akafunua kifuniko chote. "Njoo utazame utajiri."

Sanduku lilijaa hela za shaba mpaka pomoni. Zilikuwamo hela za Reiff-Greinau, hela za Sachsen-Dolmitz zenye mtawala wa videvu vitatu, hela za Mama Mkuu wa monasteri ya Quarnstedt, ambaye mchora sura wake bila shaka alikuwa na kinyongo naye. Kila kinchi kilichoweza kuvukwa na mbuzi kabla ya kupata kiu kilikuwa na mtawala wake, na kila mtawala alikuwa na hela zake.

"Hela ya Greinau ikishavuka kijito kuja huku, imekufa," akasema Mama Rebhuhn. "Mwokaji haitaki. Mwuza bia haitaki. Basi wanampa Mungu."

"Si mziyeyushe?"

"Thubutu! Huo uso juu yake ni wa mtawala. Ukiuyeyusha ni kama umemkaanga mwenyewe. Baraza la mji linakataa tangu marehemu baba yangu yu hai. Na mimi ninachotaka ni sufuria tu! Askari walipopita hapa walituchukulia sufuria kubwa ya mji, ile ya kupikia rojo la plamu. Sasa plamu zinaanguka, zinachacha, nguruwe wanazila wanalewa. Juzi mmoja kaingia ibada ya jioni, akakaa mbele kabisa. Na watu wangu wanakula mkate mkavu msimu wote wa baridi, huku shaba imelala hapa inaota ukungu. Hivi ni haki?"

Zunkel akatikisa kichwa kwa huzuni, lakini hakuwa amesikia neno tangu kwenye sufuria. Akili yake ilikuwa imeshakimbilia Bukini wa Buluu.

Bukini wa Buluu ilikuwa nyumba ya bia, pale njia panda ya Greinau ambapo nchi tano zinagusana pua. Kwa kuwa wateja wake walitoka kila upande, mwenyewe, mzee Kaspar Wimmerle, ndiye mtu pekee katika pande zile aliyepokea shaba ya kila mtawala bila kununa. Sasa mzee alikuwa anauza, nyumba, mapipa na yote, ahamie kwa binti yake. "Nitangojea mpaka mavuno yaishe," alimwambia Zunkel, "halafu namwuzia wa kwanza atakayekuja."

Na Zunkel alikuwa amechoka. Alikuwa ameuza dawa za kuotesha nywele akiwa na upara. Alikuwa ameuza ramani za hazina, na mara moja, huko kusini, aliuza daraja ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Nusu ya maisha yake alilala kwenye nyasi za wenye ng'ombe. Alichotaka sasa ni kitanda kisicho na ng'ombe, na kuwapigia watu domo akiwa nyuma ya kaunta yake mwenyewe, ambako udanganyifu huitwa ukarimu.

Siku chache baadaye akaingia Mückenroda bwana mmoja mwenye wigi jeupe, koti jeusi na fimbo yenye kichwa cha fedha bandia. Wigi alilikodi kwa kinyozi. Koti aliliazima kwenye kamba ya nguo ya mtu ambaye mpaka leo hajui kwamba aliazimisha. Wala hakuogopa kutambuliwa. Uzoefu wake ulikuwa kwamba, katika nchi zile, mtu akivaa wigi hakuna anayehangaika kumtazama uso.

"Von Zunkelstein," akajitambulisha mbele ya Meya. "Mkaguzi Mkuu wa Nyuso Tukufu."

Meya Gotthelf Pummerer alikuwa mtu mkubwa mwenye donda moja moyoni. Meya wa Dolmitz, mji wa jirani, alikuwa amepewa cheo cha Mshauri wa Siri wa Mtawala. Kweli, hakuna aliyewahi kumwambia siri hata moja, lakini mkewe sasa alitangulia kupita kila mlangoni, na Mama Pummerer alikuwa amekataa kula mbele ya mumewe tangu Pasaka.

"Nyuso… tukufu?" akauliza Meya.

"Nimepata taarifa kwamba mji huu unawashikilia watawala kadhaa ndani ya sanduku."

Wakaenda kanisani, Meya akitangulia, baraza likimfuata. Mama Rebhuhn akafungua sanduku. Zunkel akachungulia, akatoa ukelele mdogo, akaangukia mikononi mwa Meya.

"Maji!" akanong'ona. "La, bia! Mheshimiwa Meya, unaona ninachokiona? Mtawala wa Dolmitz amelala kifudifudi. Juu yake nani? Juu yake amelaliwa na Mama Mkuu wa Quarnstedt!"

Meya akachungulia. Ilikuwa kweli. Akageuka mwekundu mpaka shingoni, akawafunika macho wajumbe wawili waliokuwa bado makapera.

"Hatukujua," akagugumia. "Walijilalia wenyewe."

"Vita vimepiganwa kwa mambo madogo kuliko haya. Nikiandika hili, mizinga itakuwa langoni kwenu kabla hamjavuna viazi." Zunkel akajifuta jasho, kisha sauti yake ikalainika ghafla kama siagi karibu na jiko. "Ila nakuona u mtu mwungwana. Ipo njia. Nikiwarudisha watukufu hawa makwao kimyakimya, kwa heshima zote, nani atajua walikuwa kwenye mkao gani? Na desturi ni kwamba meya aliyewarudisha watawala wengi kwa mpigo mmoja hupewa…" Akasita. "Lakini labda wewe si mtu wa kupenda nishani."

"Nishani gani?" akauliza Meya, na wote wakamsikia akimeza mate.

"Nishani ya Uso Mtukufu. Yenye utepe. Anayeivaa hutangulia kila mlangoni, hata mbele ya Washauri wa Siri."

Meya Pummerer akafumba macho. Akamwona Mama Pummerer akipita mlangoni, yule mke wa Meya wa Dolmitz akimsubiri nje kwenye mvua. Kilemba cha ukoka kikamkaa vizuri kuliko kofia yake ya kazi.

"Chukua sanduku, Mheshimiwa Mkaguzi. Chukua na mkokoteni wa mji. Chukua na punda. Chukua paja la nguruwe, safari ni ndefu!"

Zunkel alikuwa tayari ameshika mpini wa sanduku aliposikia sauti nyuma yake.

"Watakwenda hivyo hivyo na uchafu wao?"

Alikuwa Mama Rebhuhn. Macho yake yalikuwa yametulia usoni pa Zunkel, wala hayakutazama wigi hata kidogo. Zunkel akahisi kijasho chembamba mgongoni. Lakini mjane akapiga goti kwa adabu, akainamisha kichwa, na Zunkel akashusha pumzi. Mshamba, akajisemea.

"Mheshimiwa, sisi watu wadogo hatujui mambo," akasema mama. "Lakini tazama. Huyu mtukufu ana nta ya mshumaa puani. Huyu ana ukungu sikioni. Ukimfikishia mtu uso wake katika hali hii, si atauliza ulikuwa unalala wapi?"

Baraza zima likamgeukia Mkaguzi.

Na hapo, msomaji, ndipo Zunkel alipopaswa kusema hapana. Lakini mtu hawezi kuzimia kwa sababu ya mkao wa mtawala, halafu dakika ile ile aseme nta puani si kitu.

"Ni… kanuni," akasema. "Lazima waogeshwe."

"Nilijua tu! Na kila mmoja avishwe, sivyo? Afungwe kikaratasi chake, asigusane tena na Mama Mkuu?"

"Bila shaka. Peke yake peke yake."

"Na vikaratasi visifunguliwe njiani? Maana mtu mzima akishaoga, kumvua nguo barabarani…"

"Mama wee, ni marufuku kabisa!" akadakia Zunkel, sasa amenogewa na kanuni zake mwenyewe. "Atakayefungua kikaratasi kabla ya mpaka amemvua mtawala hadharani!"

"Haya, Meya umesikia," akasema Mama Rebhuhn. "Wanawake wa mji, twendeni nyumba ya kufulia."

Wakaogesha siku kadhaa. Zunkel alikaa kwa Meya, akala bata, akala maandazi ya nyama, akalala kwenye kitanda chenye mito ya manyoya, akasikiliza kelele za nyumba ya kufulia kama mtu anayesikiliza mvua ikinyeshea shamba lake. Kwaa-kwaa, kwaa-kwaa. Waliogesha kwa siki na chumvi, wakaogesha kwa mchanga wa mto, na mchanga ulipoisha wakaogesha kwa matofali ya kusaga. Mara moja akamwona Mama Rebhuhn akiingia na furushi la vyuma vya kusugulia, amelitoa kwa kaka yake Nikol, mfua shaba.

"Tupa za nini, mama?" akamwuliza dirishani.

"Kucha, Mheshimiwa. Kuna watukufu wana kucha ndefu."

Zunkel akacheka na kurudi kwenye bata wake. Alitaka sana kupenyeza jicho kwenye hela zake, lakini kila alipokaribia, Meya naye alikuwa hapo, amesimama wima, akimlindia kanuni. "Wanaoga, Mheshimiwa!" alimnong'oneza kwa ukali wa mtu anayekaribia kupata nishani.

Asubuhi ya kuondoka bendi ikapiga. Sanduku likapandishwa mkokotenini, limejaa vifurushi vidogo vyeupe, kila kimoja kimefungwa uzi. Meya akakohoa kuficha machozi. Zunkel akapunga fimbo, akamchapa punda, akakata kamba kuelekea Greinau huku akipiga mluzi, na kwa kila kilima alichovuka akawa anaipanga upya Bukini wa Buluu: pipa hapa, kitanda pale, na juu ya mlango bukini apakwe rangi upya.

Alipofika kwenye kizuizi cha Greinau, nyumba yenyewe ilikuwa inaonekana kabisa, moshi ukitoka dohani. Mbele yake kulikuwa na gogo moja tu la mistari myekundu na myeupe, na mtoza ushuru wa makamo mwenye mafua.

"Ushuru wa mkokoteni," akasema mtoza ushuru. "Kwa hela za Greinau. Za wengine sitaki hata kuziona."

"Za Greinau ninazo hadi za kukugawia, ndugu yangu." Zunkel akafungua kikaratasi.

Ndani kulikuwa na kiduara cha shaba, kinang'aa kama jua la mchana. Hakikuwa na simba, jina, taji wala mwaka. Kilikuwa laini pande zote mbili, laini kama kipara cha mtoto mchanga.

Akafungua kingine. Kipara. Akafungua cha tatu, cha nne, akachana karatasi kwa meno. Watawala wote wa pande zile walikuwa wameogeshwa mpaka wakaisha.

"Hivi ni nini?" akauliza mtoza ushuru, na mafua yake yakaonekana kupona ghafla.

"Vifungo."

"Vifungo havina matundu?"

"Ni… vya watu wasiovua nguo."

Mtoza ushuru akazunguka mkokoteni, akainua kifuniko, akapiga mluzi mrefu. "Mzee, sanduku zima la shaba iliyokatwa duara, haijapigwa chapa. Kwetu mtu anayebeba vitu hivi anaitwa mtengeneza hela za bandia. Tuna kulabu yake pale mnarani. Haijapata mtu siku nyingi, bwana mkubwa analalamika inashika kutu."

Zunkel akafungua mdomo. Ulikuwa mdomo uliouza daraja hewani, lakini safari hii ukatoka kapa, umebaki wazi kama mfuko wa sadaka.

"Aa, kumbe umefika!" ikaita sauti. Kutoka kwenye benchi la kibandani likainuka jitu lenye aproni ya ngozi na ndevu zilizoungua upande mmoja, kikombe cha bia mkononi. "Mtoza ushuru, usihangaike. Hiyo ni shaba yangu ya kufulia sufuria. Mimi ni Nikol, mfua shaba wa Mückenroda, unanijua. Na huyu ni mchukuzi wangu. Ana akili fupi, kapitiliza njia." Akamtazama Zunkel kwa upole wa kutisha. "Au wewe si mchukuzi wangu?"

Zunkel akatazama moshi wa Bukini wa Buluu. Akatazama mnara. Kulabu ilikuwa inaonekana vizuri sana.

"Mimi ni mchukuzi wako, bwana," akasema.

"Na hilo wigi?"

"La kuzuia jua, bwana."

"Sawa," akasema mtoza ushuru kwa masikitiko. "Lakini siku nikimwona hapa bila wewe, Nikol, namning'iniza. Na nawaambia wenzangu wa vizuizi vyote."

Njiani kurudi Nikol alipanda mkokoteni, Zunkel akasaidiana na punda kuvuta.

"Dada yangu alikutambua ulipoingia tu," Nikol akamsimulia, akitafuna lile paja la nguruwe. "Akasema, yule aliyekoroma ndiye huyu, masikio yaleyale. Nikamwambia tukamkamate. Akasema, hapana, muache aseme kwanza. Miaka yote hii hatukupata kuiyeyusha shaba ile kwa ajili ya nyuso, na sasa kaja mtu mwenye wigi kutupa ruhusa ya kuzisugua. Shaba isiyo na uso, ndugu yangu, ni shaba tu. Tunakushukuru sana, umetufaa."

Sufuria ikafuliwa. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba ndani yake Meya angeweza kuoga bila kukunja magoti. Wakaipandisha juu ya moto uani kwa nyumba ya kufulia, mji mzima ukaleta plamu. Sasa, rojo la plamu si chakula cha kuachwa kijipike chenyewe. Lazima likorogwe kwa mwiko mrefu kama kasia tangu asubuhi, mfululizo, na ukilisahau muda wa kupiga chafya tu limeshika chini na kazi yote imeharibika. Mama Rebhuhn akamkabidhi Zunkel mwiko.

"Mpaka lini?" akauliza Zunkel.

"Mpaka plamu ziishe. Nikol akupitishe mpakani ndipo uende zako."

"Lakini Bukini wa Buluu! Mama, nakusihi, mavuno yakiisha mzee Wimmerle anauza!"

"Sisi ndio tuko kwenye mavuno, bwana. Koroga."

Akakoroga, malengelenge yakamtoka viganjani, na nyigu wakamzoea. Kwa kila mzunguko wa mwiko alipiga hesabu ya siku na ya plamu, na kila alipoona kapu moja limebaki, akinamama walikuja na makapu mengine. Mchana mmoja, plamu zikiwa zimebaki kapu la mwisho, akatokea Meya Pummerer, amevaa koti lake la sikukuu.

Meya akasimama ghafla. "Mheshimiwa Mkaguzi! Wewe? Na aproni?"

Kama Meya angejua shaba ilikokwenda, sufuria ingekamatwa siku hiyo hiyo, na Zunkel na mjane wangefungwa kamba moja. Mama Rebhuhn akamtazama Zunkel. Kwa mara ya kwanza macho yale yalikuwa yanaomba kitu.

Zunkel akanyoosha mgongo. Ulimi, uliokuwa umelala tangu kizuizini, ukaamka.

"Mheshimiwa Meya," akasema bila kuacha kukoroga, "aliyebeba watawala anaweza kupata kiburi. Kwa hiyo kanuni inamtaka ashike kazi ya mikono mpaka kiburi kimtoke. Hata mimi. Hasa mimi."

"Unyenyekevu gani huu!" Meya akavua kofia. "Na watukufu je? Walifika salama? Walisema nini juu yetu?"

"Hawakufumbua mdomo."

"Kwa furaha?"

"Hata chozi hawakuweza kutoa. Nishani yako imefika. Nikol, mletee Mheshimiwa."

Nikol akababaika, akapekua mfuko wa aproni, akatoa kiduara kimoja kilichosalia. Mmoja wa wanawake akachomoa utepe nyweleni. Meya akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza upande, akakigeuza wa pili.

"Haina kitu," akasema taratibu. "Nishani ya Uso Mtukufu… haina uso."

"Bila shaka," akasema Zunkel. "Zenye uso ni za madaraja ya chini."

Meya Pummerer akatazama kile kipara cha shaba kwa muda mrefu, na jinsi alivyozidi kukitazama ndivyo alivyozidi kujiona mwenyewe ndani yake, mwekundu na mkubwa, anang'aa. Akainama mpaka pua ikakaribia rojo.

"Mke wangu atakula leo," akasema. Kisha, akijifunga utepe shingoni: "Nakwenda kumwonyesha. Ningekuja mapema, ila nilipitia Bukini wa Buluu kumuaga mzee Wimmerle. Kauza asubuhi hii kwa fundi soseji wa Dolmitz. Mtu mwema. Anasema hela atakazopokea ni za Dolmitz tu."

Akaondoka kifua mbele, na langoni akamsukuma mwuza bia ili atangulie kupita.

Zunkel alikuwa ameduwaa, mwiko umesimama, macho yako mbali, upande ule wa kijito ambako pengine sasa hivi mtu wa soseji alikuwa anajaribu kitanda. Mama Rebhuhn akamsogelea. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema neno la kumpoza, neno zuri, la kukumbukwa. Halafu akanusa.

"Koroga, Mheshimiwa," akasema. "Linashika chini."